Faili la logi limekula diski, na bosi anataka data ya zamani ifutwe

Swali: Habari mtaalamu. Mimi ni fundi wa kompyuta, niko peke yangu kwenye kampuni ya kuuza dawa na vifaa vya hospitali kwa jumla hapa Mwanza. Tuna matawi sita na yote yanatumia seva moja ya Windows yenye programu ya kanzidata, SQL Server 2016 Standard. Faili la data lina GB 38, lakini la logi, lile la .ldf, limefika GB 211 na diski D imebakiwa na GB 9 tu. Bakapu kamili inafanyika kila siku saa 5 usiku. Fundi aliyenitangulia alikuwa "akilisafisha" faili hilo kila mwezi, ila aliondoka miezi minane iliyopita bila kuacha maelezo. Bosi akasema nifute mauzo yote ya zaidi ya miaka miwili. Nikaandika amri ya kufuta, DELETE, saa 8 mchana. Baada ya saa nzima kaunta zote zikaganda, nikaisimamisha, haikusimama, nikaizima seva na kuiwasha. Kanzidata ikakaa "In Recovery" hadi saa 2 usiku, na .ldf ikazidi kunenepa. Je, naweza kulifuta tu faili hilo? Ufutaji nitaupangaje ujiendeshe wenyewe? Bosi anauliza pia kama tukinunua diski ya TB 2 tutakuwa tumemaliza.

Jibu:

Pole sana ndugu yangu, siku kama hiyo kila anayeshika seva ameipitia. Nianze na lile linaloweza kuleta msiba usiku wa leo: faili la .ldf usilifute. SQL Server ikiwa inafanya kazi, Windows yenyewe itakukatalia, na hapo ndipo watu hupata wazo la kuizima huduma kwanza. Huduma ikiwaka tena kanzidata inalitafuta faili lake, haiioni logi, inagoma kufunguka. Kama kulikuwa na muamala (fungu la mabadiliko linalokamilika lote au lisifanyike kabisa) hata mmoja ambao haujakamilika, utabaki na bakapu ya jana, au ile amri ya ukarabati ambayo jina lake, REPAIR_ALLOW_DATA_LOSS, limeshakutajia bei.

Fikiria muuza duka mwenye nidhamu: kabla hajashusha katoni kutoka rafuni anaandika kwanza kwenye daftari la kaunta, ndipo anashusha. Umeme ukikatika akiwa ameshika katoni mkononi, daftari litamwambia alifika wapi. SQL Server inafanya hivyo hivyo. Kila badiliko linaandikwa kwanza kwenye logi, na kurasa za data zinafuata baadaye kwa wakati wake. Seva ilipowaka siku ile ilisoma logi, ikarudia yaliyokuwa yamekamilika ila hayajafika kwenye faili la data, kisha ikaanza kuyatengua yasiyokamilika. DELETE yako ilikuwa kundi hilo la mwisho. Kuzima seva hakukukuokoa na utenguzi. Kulifanya tu utenguzi ufanyike huku matawi yote sita yakiwa nje ya mlango. Na utenguzi mara nyingi huchukua muda kuliko kazi yenyewe. Siku nyingine ukikwama hivyo, simamisha amri kisha uache ijitengue polepole. Inaudhi, lakini majedwali mengine yanaendelea kusomeka.

Sasa kwa nini GB 211? Kanzidata yenu karibu hakika iko kwenye mtindo wa urejeshaji uitwao FULL. Katika mtindo huo, seva haitumii tena nafasi ya ndani ya logi mpaka sehemu hiyo iwe imechukuliwa na bakapu ya logi. Bakapu kamili ya saa 5 usiku haihesabiki. Nimeshakutana na mafundi wenye uzoefu wa miaka mingi wanaoamini kwamba bakapu kamili inaikata logi. Haiikati. Ingia uhakikishe:

SELECT name, recovery_model_desc, log_reuse_wait_desc FROM sys.databases;
DBCC SQLPERF(LOGSPACE);

Safu ya log_reuse_wait_desc ndiyo inayokujibu "kwa nini logi haiachii". Ukiona LOG_BACKUP, ni haya ninayoyasema. Ukiona ACTIVE_TRANSACTION, kuna mtu au programu imeacha muamala wazi, na DBCC OPENTRAN itakuonyesha ule wa zamani kuliko wote. Ukiona REPLICATION, kuna mtu aliwahi kuwasha unakili wa data kisha akausahau. Hiyo niandikie tena, ina dawa yake.

Tufanye hesabu ndogo. GB 211 kwa miezi minane ni takriban MB 900 kwa siku, na humo imo DELETE ile iliyojaza logi mara mbili, ikienda na ikirudi. Kwa kampuni ya matawi sita hicho si kiasi cha kutisha. Logi yenu haina ugonjwa. Ni ndoo iliyowekwa chini ya bomba bila mtu wa kuimwaga.

Kabla hujaimwaga, mpelekee bosi swali moja, na uliulize kwa lugha ya fedha: "Diski ya seva ikifa kesho saa 10 jioni, tuko tayari kupoteza mauzo ya siku nzima ya matawi yote?" Akijibu kwamba risiti za karatasi zipo na makarani watayaingiza upya, basi hamhitaji FULL. Iwekeni kanzidata kwenye SIMPLE, logi ijisafishe yenyewe, mbaki na bakapu ya usiku. Ni uamuzi halali kabisa kwa biashara ndogo, na ni wa kweli kuliko kuwa kwenye FULL bila bakapu za logi, maana hapo mnalipa gharama yote ya diski na hampati kinga yoyote. Akisema hapana, na kwa kampuni ya dawa ninatarajia aseme hapana, mnabaki FULL na mnaanza kuchukua bakapu ya logi kila dakika 15.

Kuna faida nyingine ya FULL ambayo watu huijua siku ya shida. Mahali fulani nilipofanya kazi, mhasibu alibadilisha bei ya bidhaa moja akasahau sharti la WHERE, na bidhaa zote ghalani zikawa na bei ya panadol. Tulikuwa na bakapu za logi. Tulirejesha nakala ya kanzidata pembeni, kwa jina jingine, tukaisimamisha kwa STOPAT dakika moja kabla ya kosa, tukachukua safu ya bei tu. Wateja waliokuwa foleni hawakujua kilichotokea. Bila logi tungekuwa na bei za jana usiku, na siku hiyo bei zilikuwa zimepandishwa asubuhi.

Basi, kuikomboa diski. Njia ya kitabuni ni kuchukua bakapu ya logi kisha kulipunguza faili. Tatizo lako ni kwamba bakapu ya kwanza itakuwa na karibu GB zote 211; hata ikibanwa kwa COMPRESSION haitaenea kwenye GB 9. Unaweza kuielekeza kwenye kompyuta nyingine kwa njia ya mtandao, ila akaunti inayoendesha huduma ya SQL Server lazima iwe na ruhusa ya kuandika huko. Akaunti yako wewe haihusiki. Ila kwa hali yako ningefanya kile fundi wa zamani alichokuwa akikifanya, mara moja tu na kwa mpangilio. Logi hiyo ya miezi minane hamjawahi kuihifadhi popote na hakuna atakayekuja kuiomba. Subiri matawi yafunge, hakikisha bakapu kamili ya usiku huo imekamilika na imenakiliwa nje ya seva, kisha:

ALTER DATABASE Duka SET RECOVERY SIMPLE;
CHECKPOINT;
DBCC SHRINKFILE (N'Duka_log', 512);
ALTER DATABASE Duka SET RECOVERY FULL;
ALTER DATABASE Duka MODIFY FILE (NAME = N'Duka_log', SIZE = 8GB, FILEGROWTH = 512MB);

Papo hapo chukua bakapu kamili nyingine. Hatua hii ndiyo inayosahaulika. Ukirudi FULL bila bakapu mpya, kanzidata inaendelea kujiendesha kama iko SIMPLE na bakapu za logi zitakataa kufanyika, kwa sababu mnyororo wa bakapu umekatika. Jina la Duka_log badilisha uweke la kwenu. Utalipata kwenye sys.database_files. SHRINKFILE ikigoma kupunguza, sehemu inayotumika iko mwishoni mwa faili. Rudia CHECKPOINT na SHRINKFILE mara moja au mbili.

Kwa nini nimeirudisha hadi GB 8 badala ya kuiacha ndogo? Kwa sababu itakua tu. Kila ikikua, seva inalazimika kujaza nafasi mpya kwa sifuri kabla ya kuandika, na wakati huo kila anayeuza anasubiri. Ikikua kwa vijipande vidogo vidogo inagawanyika ndani kuwa sehemu nyingi mno, na siku ya kuwasha seva baada ya umeme kukatika kusoma kwake kunachelewa. Yule fundi wa kila mwezi alikuwa anaibana logi ili ianze kutanuka tena kesho yake. GB 8 ni makadirio yangu ya kuanzia kwa kanzidata ya GB 38. Baada ya mwezi utaona kilele chake kwa DBCC SQLPERF(LOGSPACE). Ukiona matengenezo ya usiku ya indeksi (zile orodha za kutafutia data haraka) yanaifikisha GB 11, ipe 14 uiache.

Bakapu ya logi ipangie SQL Server Agent, kile kipanga ratiba cha SQL Server, kila dakika 15, usiku na mchana. Hukusema bakapu zenu zinakaa wapi. Kama ni kwenye D hiyo hiyo, hizo ni nakala za kujiliwaza. Zipeleke kwenye mashine nyingine, na mara moja kwa wiki nakala moja itoke nje ya jengo. Kama hutaki kuandika skripti mwenyewe, chukua zile za bure za Ola Hallengren ambazo wasimamizi wa SQL Server duniani kote wanazitumia. Zinachukua bakapu, zinaithibitisha, na ndipo zinafuta faili za zamani. Huo ndio mpangilio unaotakiwa. Nimeona kazi za ratiba zinazofuta bakapu za zamani kwanza ili kupata nafasi ya mpya. Siku mpya ikishindikana huna ya zamani wala mpya.

Hapo nusu ya kwanza imekwisha. Nusu ya pili, ya kufuta data, ni ngumu zaidi, na ugumu wenyewe hauko kwenye SQL.

Kwanza angalia kinachokula nafasi. Kwenye Management Studio bonyeza kulia kanzidata, nenda kwenye ripoti, fungua ile ya matumizi ya diski kwa majedwali makubwa. Nina hakika kwa asilimia kubwa kwamba jedwali la mauzo halitakuwa la kwanza. Mara nyingi la kwanza huwa jedwali ambalo programu inaandika kila kitu: nani ameingia, amebofya nini, ujumbe gani umetumwa kwa simu, foleni ya kusawazisha bei na matawi, makosa ya printa ya risiti. Kuna kampuni moja niliyoitwa kusaidia ikiwa inabishana kuhusu kufuta ankara za wateja, na zaidi ya nusu ya kanzidata yao ilikuwa jedwali la makosa ya mashine moja ya kaunta iliyokuwa imeharibika waya tangu mwaka wa juzi. Tulibadilisha waya, tukafuta jedwali, ubishi ukaisha.

Majedwali ya namna hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Hayana thamani ya kihasibu, na miezi mitatu au sita inatosha.

Mauzo ni habari nyingine, na hapa nakuomba uende taratibu. Amri ya bosi ya miaka miwili inagongana na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe kwa miaka 5, na siku TRA wakija kukagua, jibu la "diski ilikuwa imejaa" halitapokelewa. Wenzetu wa Kenya nao wana miaka 5 katika sheria yao ya taratibu za kodi ya mwaka huo huo. Nyinyi mnauza dawa, kwa hiyo kuna swali la ziada: dawa ya toleo fulani ikitakiwa kuondolewa sokoni, mtaweza kusema mlimuuzia nani? Muda wa kumbukumbu hizo muulize mfamasia wenu, na jibu lake liandikwe. Upande mwingine, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haitaki mtunze taarifa za watu kupita muda wa haja yake. Hivyo kutokufuta kabisa nako si usalama. Andaa karatasi moja: kila jedwali, muda wake, sababu yake. Mhasibu atie saini, mfamasia atie saini, bosi atie saini. Karatasi hiyo itakulinda wewe kuliko skripti yoyote.

Na kabla hujagusa mstari mmoja wa mauzo au wa stoo, ipigie simu kampuni iliyowauzia programu uwaulize swali hili: salio la bidhaa linapatikana wapi? Programu nyingi za stoo hazihifadhi salio mahali popote. Kila ukifungua skrini zinajumlisha mapokezi yote tangu siku ya kwanza na kutoa mauzo yote tangu siku ya kwanza. Futa mauzo ya 2019 ukaacha mapokezi ya 2019, na kesho asubuhi ghala litakuwa na maelfu ya katoni za amoksilini ambazo hazipo. Futa vyote viwili, na bidhaa iliyopokelewa 2019 ikauzwa 2022 itaonyesha salio hasi. Madeni ya wateja yako hivyo hivyo: ankara ya zamani iliyolipwa kwa awamu, ukifuta ankara ukaacha malipo, mteja anageuka kuwa anakudai wewe. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Kanzidata itatii tu, na mtagundua siku ya kuhesabu stoo. Programu nzuri ina kitendo cha kufunga kipindi: inaandika salio la kuanzia kwa tarehe fulani, ndipo miamala ya kabla yake inaweza kuondolewa. Kama ya kwenu haina, usifute mauzo. Gigabaiti 38 si mzigo mzito kwa seva ya leo, na ubishi huu wote ulianzia kwenye logi, haukuanzia kwenye mauzo.

Tuseme sasa una jedwali ulilokubaliwa kulifuta, mathalani la kumbukumbu za mfumo, lenye mistari milioni 30 ya zamani. Kosa la DELETE yako lilikuwa kuifanya kazi yote iwe muamala mmoja. Muamala mmoja maana yake logi haiwezi kuachia chochote mpaka mstari wa mwisho ufutwe, hata ungekuwa SIMPLE, hata ungechukua bakapu za logi kila dakika. Tena amri moja ikishafikisha kufuli kama 5,000 kwenye jedwali, zile za kuzuia wengine wasiguse mistari inayofutwa, SQL Server inaziacha kufuli ndogo na kufunga jedwali zima. Ndiyo kaunta zako zilipoganda. Dawa ni kula ng'ombe mzima kwa vipande:

SET NOCOUNT ON;
DECLARE @mwisho datetime = DATEADD(MINUTE, 150, GETDATE());
DECLARE @kikomo date = DATEADD(MONTH, -6, GETDATE());
DECLARE @idadi int = 1;
WHILE @idadi > 0 AND GETDATE() < @mwisho
BEGIN
  DELETE TOP (2000) FROM dbo.KumbukumbuMfumo WHERE Tarehe < @kikomo;
  SET @idadi = @@ROWCOUNT;
  WAITFOR DELAY '00:00:02';
END

Kila fungu la mistari 2,000 ni muamala wake. Likikamilika, limekamilika; umeme ukikatika unapoteza fungu moja tu, na kesho usiku kazi inaendelea ilipoishia bila wewe kufanya lolote. Zile sekunde mbili za kupumzika ni za wengine: bakapu ya logi ipite, tawi linalofanya kazi usiku lipite. Fungu moja likichukua sekunde moja, kwa saa utafuta mistari milioni 2.4, milioni 30 zitachukua saa 12 na nusu, yaani usiku tano wa saa mbili na nusu. Hakuna haraka. Data iliyokaa miaka sita itavumilia siku tano.

Mambo mawili yatakayokuangusha hapo. Safu ya Tarehe isipokuwa na indeksi, kila fungu litasoma jedwali kuanzia mwanzo na mafungu ya mwisho yatatambaa. La pili ni majedwali yenye watoto: ankara na mistari yake. Anza kufuta watoto ndipo mzazi, na hakikisha safu ya mtoto inayomtaja mzazi ina indeksi, la sivyo kila mzazi anayefutwa atailazimisha seva kupekua watoto wote kuona kama kuna wake. Kama jedwali zima halihitajiki, TRUNCATE TABLE ni nyepesi mno kwenye logi kwa kuwa inaachia kurasa nzima nzima, ila itakataa jedwali linalotajwa na ufunguo wa jedwali jingine.

Umeona basi kinachounganisha logi na ufutaji: kufuta ndiyo kazi inayoandika sana kwenye logi. Mtu anafuta ili apate nafasi, anaijaza diski kwa kufuta kwake. Logi ikijaa kabisa na diski haina pa kwenda, utaona kosa namba 9002, na hapo kanzidata inasomeka lakini haiandikiki, yaani hakuna kuuza. Kwa hiyo ratiba ya ufutaji na ya bakapu za logi zipange pamoja. Usiku wa kufuta, bakapu ya logi iwe kila dakika 5 badala ya 15, na ufutaji uanze baada ya bakapu kamili kwisha.

Kuhusu saa, nikuonye jambo ambalo vitabu vya Kizungu havina. Agent anaandika saa kwa mtindo wa 24, na sisi tunahesabu kuanzia mapambazuko. Kuna mahali meneja alisema kwa mdomo "iwekeni saa nane usiku", kijana akaandika 08:00. Ufutaji ukaanza saa mbili kamili asubuhi, geti linafunguliwa, malori ya kwanza yanapakia. Walitafuta virusi nusu siku. Kwenye karatasi yako ya ratiba andika vyote viwili: saa 7 na nusu usiku, 01:30. Kwa kwenu ningeweka bakapu kamili 23:00 kama ilivyo, ufutaji 01:30 hadi 04:00, matengenezo ya indeksi Jumapili tu. Ijumaa ya mwisho wa mwezi usifute kabisa, wahasibu wanaweza kuwa wamelala ofisini.

Wiki ya kwanza usiifanye kazi hiyo ijiendeshe. Iendeshe mwenyewe kwenye nakala iliyorejeshwa pembeni, uone muda na uone ripoti za stoo na za wadaiwa kabla na baada. Kurejesha huko kutakuwa pia ndiyo mara ya kwanza kujua kama bakapu zenu zinarejesheka. Nina shaka kama kuna aliyewahi kujaribu. Kisha kwenye seva yenyewe, usiku mmoja ukiwa macho. Ndipo uipe Agent, na umwekee barua pepe ya kukujulisha ikishindwa. Historia ya kazi za Agent kwa kawaida inatunza mistari 100 tu kwa kila kazi, na kazi ya kila dakika 15 inaendeshwa mara 96 kwa siku ikiandika zaidi ya mstari mmoja kila mara, kwa hiyo kosa la juzi hutalikuta. Ongeza kikomo hicho kwenye sifa za Agent. Kanzidata ya msdb, ambayo ni ya SQL Server yenyewe, nayo inatunza historia ya kila bakapu milele isipopangiwa sp_delete_backuphistory. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Ukimaliza usishangae faili la data kubaki GB 38. Nafasi imeachwa ndani yake na itatumiwa na data mpya. Usiibane kwa SHRINKFILE ili tu namba ipendeze. Itavuruga indeksi zako zote, nazo ukizijenga upya faili litarudi lilikokuwa.

Na diski ya TB 2? Mnunue, ila isiingie ndani ya seva hiyo. Iwekeni kwenye kompyuta nyingine, chumba kingine, ndiyo iwe nyumba ya bakapu. Kwa kiasi chenu, bakapu kamili za siku 14 na logi zake zitakaa humo na nafasi itabaki. Mkiiweka kwenye seva kama D mpya, logi itachukua miaka michache kuijaza na atakayekuwa fundi wakati huo ataniandikia swali hili hili. Halafu mkumbushe bosi kwamba Microsoft wanamaliza kuihudumia SQL Server 2016 tarehe 14 Julai 2026, ili fedha za mfumo mpya aziweke kwenye bajeti mapema. Hilo mwambie siku ambayo kaunta hazijaganda.